Figo, moyo au darasa? Jibu kwa daktari anayetaka kubobea bila kuacha kufundisha

*"Shikamoo Daktari. Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, nina miaka 34. Nilimaliza shahada ya ubingwa, MMed, miaka miwili iliyopita na sasa niko hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Dar es Salaam. Ninachopenda kuliko vyote ni kufundisha. Siku ya raundi na madaktari tarajali narudi nyumbani sijachoka. Nimepata nafasi mbili za kubobea: magonjwa ya figo hapa nyumbani kwa miaka miwili, au feloshipu ya moyo nje ya nchi kwa mwaka mmoja. Wenzangu wanasema moyo ndio wenye hela na jina, figo ni kuhangaika na mashine. Mwingine anasema kama nataka chuo niachane na ubobezi, niende PhD moja kwa moja, maana chuoni bila PhD wewe si mtu. Mume wangu ananiunga mkono, ila tuna watoto wawili na mdogo ana miaka miwili. Nimeanza kukosa usingizi. Nichague nini ili mlango wa kufundisha usifungwe? Na kwa umri huu sijachelewa?"*

Marahaba, daktari. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limekwama palepale: siku ya raundi na tarajali unarudi nyumbani hujachoka. Wengi wanaoniuliza habari za kubobea hunitajia kiungo, nchi na mshahara. Wachache huniambia siku yao inaendaje, na ni saa ipi ndani yake inawapa raha. Wewe umeniambia, kisha ukapita haraka kana kwamba umetaja jambo la pembeni. Nitalirudia sana hilo.

Nikikuelewa vizuri, unachoogopa ni kwamba ukibobea utaingia kichochoro chembamba ambacho mwisho wake hakuna darasa, na ukienda chuoni wagonjwa utawaacha mlangoni. Hofu hiyo ina ukweli kidogo, lakini sehemu kubwa imejengwa na maneno ya kantini. Ngoja tuyapunguze.

Tuanze na neno lenyewe, feloshipu, maana nimeona vijana wakisaini karatasi bila kujua wamesaini ipi. Iko ile ya kubobea baada ya ubingwa, ambayo hapa kwetu mara nyingi imewekwa ndani ya shahada, MSc ya miaka miwili juu ya MMed. Ndiyo maana nafasi yako ya figo haiitwi feloshipu ingawa kazi ni ileile. Iko nyingine ambayo ni hadhi inayotolewa na chuo cha wataalamu. Wenzetu wa upasuaji wanaijua kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha: mtu anajifunzia hospitalini, anafanya mitihani ya kanda, kisha herufi za FCS, alama ya hadhi hiyo, zinafuata jina lake. Halafu kuna feloshipu za utafiti au za ualimu, ambazo ni ufadhili wa kujifunza mbinu na hazikuongezei ujuzi wowote wa kutibu. Zote tatu zina cheti cha kutundika ukutani. Hiyo barua yako ya nje ni ya ipi? Umeniambia "ya moyo", hukuniambia utakuwa unafanya nini saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Nitarudi hapo.

Kuhusu huyo anayesema bila PhD wewe si mtu, amechanganya ukweli na vitisho. Kwenye sayansi za msingi kama fiziolojia na biokemia anasema kweli. Huko PhD ndiyo leseni ya kazi. Kwenye idara za kitabibu mambo yamekuwa tofauti, kwa sababu MMed ndiyo inayokuruhusu kumshika mgonjwa mbele ya mwanafunzi, na wapo maprofesa waliolea vizazi vya madaktari wa nchi hii kwa MMed yao na rundo la machapisho. Kinachompandisha mtu kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki hadi profesa kamili ni machapisho, kwa kiasi kikubwa. Kufundisha vizuri kunahesabiwa, ila kwa uzito mdogo kuliko kunavyostahili. Hilo nimeligombania kwenye vikao hadi sauti imekauka. Masharti ya kuajiriwa hubadilika na vyuo vinazidi kupenda wenye PhD, kwa hiyo usimnukuu mtu, hata mimi. Nenda ofisi ya utumishi ya chuo unachokitaka, omba muundo wa utumishi wa wanataaluma unaotumika leo, usome sehemu ya idara za kitabibu kwa macho yako. Ni kurasa chache, na bado watu wanapanga miaka kumi ya maisha bila kuzifungua.

Jambo la pili ambalo kantini hawakuambii ni kwamba kufundisha udaktari na kuajiriwa na chuo ni vitu viwili. Angalia Muhimbili. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, ikapita majina na usimamizi mbalimbali, na tangu 2007 ni chuo kikuu kamili, MUHAS, yaani Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Hospitali ya Taifa iko uwanja uleule wa Upanga, na humohumo wapo taasisi ya mifupa, MOI, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Ukitembea kati ya majengo huwezi kuona mpaka uko wapi, lakini karatasi ya mshahara inaujua. Mhadhiri wa chuo anatibu kwenye hospitali isiyo mwajiri wake. Bingwa wa hospitali anafundisha wanafunzi wa chuo kisichomlipa mshahara, na chuo kinaweza kumtambua kama mhadhiri wa heshima. Kwa hiyo hata ukibaki mwajiriwa wa Wizara maisha yako yote, mlango wa kufundisha unaweza kuwa wazi. Hospitali za rufaa za mkoa hapa Dar, Amana, Temeke na Mwananyamala, zinapokea tarajali kila mwaka, na hao tarajali hawamuulizi mtu cheo chake cha chuoni kabla ya kumuuliza swali.

Ukikubaliana nami hapo, swali lako linabadilika. Ubobezi wowote kati ya hii miwili utakuachia nafasi ya kufundisha. Tofauti ni kwamba kila ubobezi una chumba chake, na chumba ndicho kinachoamua utamfundisha nani, wangapi kwa wakati mmoja, na kwa namna gani.

Chukua moyo. Ukibobea kwenye kuzibua mishipa ya moyo, sehemu kubwa ya wiki yako itakuwa ndani ya chumba cha mionzi, umevaa aproni nzito ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, mbele ya meza moja. Pale katheta, ule mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa, inashikwa na watu wawili, na wa pili ni felo, yaani daktari aliye kwenye feloshipu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kusimama nyuma ya kioo na kuona vivuli vikicheza kwenye skrini, ila hawezi kujifunza udaktari wake wa msingi pale. Unamfundisha mtu mmoja kwa miaka miwili, mkono kwa mkono, kama fundi seremala na mwanagenzi wake. Ni ualimu mzuri sana, na nchi inauhitaji: Taasisi ya Moyo ilianza mwaka 2015 na bado inajenga watu wake, na Mloganzila ndipo kilipo kituo cha umahiri cha Afrika Mashariki cha magonjwa ya moyo kilicho chini ya MUHAS. Lakini sio ualimu uliouelezea kwenye barua yako.

Nisiuonee moyo. Kuna upande wake mwingine, wa wodini na kliniki: msichana wa miaka kumi na tano mwenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, mama aliyejifungua mwezi uliopita na sasa hawezi kulala chali, mzee ambaye presha imemnenepesha misuli ya moyo. Hakuna somo tamu kama kumwekea mwanafunzi stethoskopu kwenye kifua cha yule msichana na kusubiri uso wake ubadilike. Kama feloshipu yako ni ya upande huu, hoja yangu inalegea.

Figo nayo ina chumba chake, na wenzako wamekiona kipande kimoja tu. Mashine za kusafisha damu zipo, kelele zake utazizoea. Lakini daktari wa figo anaitwa kila mahali. Wodi ya wazazi wanamwita kwa mama aliyepata kifafa cha mimba na sasa hapati mkojo. ICU wanamwita. Wodi ya upasuaji wanamwita kwa mgonjwa ambaye potasiamu imepanda usiku. Wodi ya watu wazima vitanda vingi ni presha na kisukari, na vyote viwili vinakula figo taratibu. Kuna wenye VVU wanaohitaji dozi ya dawa ipunguzwe, kuna aliyekunywa dawa za mitishamba asizozijua jina. Kila unapoitwa, anayekusubiri kitandani ni tarajali au residenti, daktari anayesomea ubingwa, mwenye faili mkononi na swali kichwani. Maji, chumvi, asidi, dozi: haya ndiyo masomo ambayo wanafunzi huyaogopa, na anayeyafundisha vizuri hukumbukwa. Na kama unadhani figo hakuna jambo kubwa, upandikizaji wa kwanza wa figo nchini ulifanyika Muhimbili mwaka 2017, na kazi ile ilidai daktari wa figo, wa upasuaji, wa usingizi, wauguzi na watu wa maabara kukaa meza moja. Meza ya namna hiyo ni darasa tayari.

Sasa nikuonye kuhusu kubobea kwenyewe, iwe figo au moyo, kwa sababu hili halisemwi. Ubobezi unaweza kukufanya mwalimu mbaya zaidi.

Mwaka wa kwanza niliporudi kutoka masomoni nilisimama kitandani na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Mgonjwa alikuwa kijana, uso umevimba asubuhi, amepauka, presha juu. Nikasema, "Huyu ni figo, twendeni kitanda kinachofuata." Binti mmoja akauliza, "Daktari, umejuaje?" Nikafungua mdomo, nikakuta sina cha kumwambia. Nilikuwa nimejua kabla ya kufikiri. Kilichotokea ni kwamba dalili ambazo zamani nilizihesabu moja moja zilikuwa zimeshikana na kuwa kitu kimoja kichwani mwangu. Ndivyo akili ya mtaalamu inavyofanya kazi, na ndiyo inayomsaidia kutibu haraka. Lakini mwanafunzi bado yuko chini ya ngazi, na wewe umesahau kama kulikuwa na ngazi. Kadiri unavyobobea, ndivyo vidato vya ngazi hiyo vinavyozidi kupotea.

Dawa yake ipo na inajifunzwa: kufikiri kwa sauti, kumwacha mwanafunzi aseme kwanza anachodhani na kwa nini, kuchagua jambo moja la kufundisha kwa kila kitanda badala ya saba. Watu hudhani ualimu ni kipaji cha mtu, ama unacho ama huna, lakini ni fani yenye utafiti wake. Ule mtihani wa vituo, wa kupita kituo kimoja baada ya kingine, uliokutoa jasho ulipokuwa unasomea shahada ya kwanza ya udaktari haukushuka kutoka mbinguni. Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Uskoti, waliubuni na kuuchapisha mwaka 1975, kwa sababu walichoshwa na mitihani ambayo alama zilitegemea umempata mgonjwa gani na mtahini ameamkaje. Ukitaka kujifunza fani hii bila kuacha kazi, tazama SAFRI, taasisi ya kanda, kwa Afrika kusini mwa Sahara, ya FAIMER, shirika la kimataifa la kuendeleza elimu ya udaktari. Ni feloshipu ya miaka miwili ya nusu muda, na unaifanya kwa kuendesha mradi wa ualimu palepale kazini kwako. Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, wana shahada ya uzamili ya elimu ya taaluma za afya ambayo sehemu kubwa unaisoma ukiwa nyumbani, na Dundee pia wanafundisha kwa masafa. Ila usianze na hizi. Kwanza kuwa na kitu cha kufundisha.

Turudi kwenye ile feloshipu ya nje na saa nne asubuhi ya Jumanne.

Mimi niliwahi kwenda nje kwa mwaka mmoja, kwenye hospitali kubwa ya nchi ambayo sitaitaja. Barua ilisema "mafunzo ya vitendo". Nilipofika nikagundua kwamba sikuwa nimesajiliwa na baraza la madaktari la nchi ile, kwa hiyo sikuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Miezi kumi na miwili nilisimama nyuma ya mabega ya watu. Niliona mengi, nikaandika madaftari manne, nikarudi na cheti kizuri na mikono ileile niliyoondoka nayo. Mwanangu nilimwacha ana miezi kumi na minane. Niliporudi alinisalimia kwa adabu, akaniita shangazi.

Sikuambii hili ili ukatae nje. Wapo waliokwenda Afrika Kusini, India na kwingineko wakarudi wakiwa hodari kwelikweli, na kuna vitu hujifunzi mpaka ukutane na wagonjwa wengi kwa siku kuliko tunaowapata hapa kwa mwezi. Mpango ninaousifu ni ule wa Cape Town wa madaktari wa watoto wa Afrika, wenye makao Hospitali ya Watoto ya Red Cross: mtu hatoki kwao kama yatima, anapendekezwa na taasisi yake, na taasisi hiyo ndiyo inayomsubiri. Wewe si wa watoto, lakini chukua kipimo hicho. Waandikie hao wa nje uwaulize kwa maandishi: nitasajiliwa kutibu, au nitatazama? Nitafanya mimi vipimo na taratibu vingapi, chini ya nani? Nitapangwa zamu? Mahali ambapo felo hapangwi zamu, mara nyingi hana kazi. Wakikujibu kwa sentensi ndefu zisizo na namba, umeshajibiwa.

Na uulize upande wa nyumbani pia: nikirudi, mashine ninayokwenda kujifunza ipo? Nani atanipokea? Ujuzi wa mikono hushika kutu ndani ya miezi. Nimeona mtu akirudi na ujuzi wa kifaa ambacho hapa hakikuwapo, akakisubiri miaka mitatu. Kilipofika, aliyekiendesha alikuwa mwingine.

Kwa hiyo, kwa haya uliyoniambia, mimi ningeegemea figo hapa nyumbani. Sisemi figo ni bora kuliko moyo. Nasema chumba chake kinafanana na siku unayoipenda, wagonjwa utakaowasoma ndio utakaowatibu, na wanafunzi hawatakusahau ukiwa umeondoka. Kama wa moyo watakujibu kwamba utasajiliwa, utafanya kazi za wodini na kliniki kwa mikono yako, na kuna kiti kinakungoja Upanga au Mloganzila, nitakubali kubadili msimamo bila aibu.

Kubaki nyumbani nako kuna gharama yake. Unaweza kugeuka nguvu kazi: umekuja kusoma, lakini kitengo kina wagonjwa wengi na madaktari wachache, kwa hiyo miaka miwili inaisha ukiwa unaandika faili. Unaweza pia kujua njia moja tu ya kufanya kila kitu, ile ya bosi wako. Ili upime, omba ruhusa ukakae kwenye kitengo kwa siku chache kabla ya kukubali. Usiende Jumatatu asubuhi, siku ambayo kila kitengo kinapendeza. Nenda Alhamisi saa nane mchana. Tazama kama bingwa bado yupo au amekwisha kuwahi kliniki ya nje, kama kuna mtu anafundisha, kama residenti anaweza kumwambia bosi "sikubaliani" bila chumba kunyamaza. Waulize walioko mwaka wa pili wamechapisha nini. Kama kitengo hakikuridhishi, omba iingizwe ndani ya mafunzo yako angalau miezi michache kwenye kituo kingine, ndani au nje ya nchi.

Hela. Ndiyo, moyo unalipa zaidi sekta binafsi, hasa kwa mwenye kufanya taratibu, sitakudanganya. Na wahadhiri wengi tunajazia kwa kliniki za jioni. Ila piga hesabu ambayo hakuna anayeipiga. Jioni tatu kwa wiki, saa tatu kila jioni, ni saa tisa. Kwa wiki 48 ni saa 432 kwa mwaka, kabla hujaongeza foleni ya kutoka Upanga. Hizo ndizo saa ambazo mapepa ya utafiti yangeandikwa, na mapepa ndiyo yanayokupandisha. Wapo wanaochagua kliniki na wanalea watoto wao vizuri, siwalaumu hata kidogo. Ninachokuomba ni kwamba uchague ukijua, na mume wako akijua. Kuhusu ada, kabla hujakopa uliza Wizara habari za ufadhili wa ubingwa bobezi unaobeba jina la Rais Samia.

PhD iache ije baadaye, na ije kwa sababu una swali. Anayeingia PhD kutafuta kiti hukaa miaka mingi na swali la msimamizi wake. Mfano ninaowapa vijana ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Nchi hii inakadiriwa kupata takriban watoto 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na ugonjwa huo, na Muhimbili, kuanzia mwaka 2004, Julie Makani na wenzake walianza kuwafuatilia wagonjwa kwa mpangilio, mwaka baada ya mwaka. Wodi iligeuka utafiti, utafiti ukaleta wanafunzi, wanafunzi wakawa watafiti. Ukiwa kwenye figo utakutana na swali lako mwenyewe kitandani, pengine kwa yule mama wa kifafa cha mimba: figo zake zinapona kwa kiasi gani, na nani anamfuatilia akisharuhusiwa? Chagua tasnifu ya miaka miwili kwa namna ambayo itakuwa pepa lako la kwanza, na ikiwezekana sura ya kwanza ya PhD.

Usingizi wako haujanipita. Ukikosa usingizi wiki moja kwa sababu ya uamuzi, ni kawaida. Ukizidi wiki mbili tatu, ukaanza kukasirikia wagonjwa, au hata ile raundi ya tarajali ikaacha kukupa raha, usiamue lolote kwanza. Mwone daktari mwenzako ana kwa ana, kama mgonjwa, si kwa kupiga stori kwenye korido. Kubobea si tiba ya uchovu. Utaupeleka uleule kwenye jengo jingine.

Kuna mambo mengine siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kabla ya kusaini chochote, kaa na mwajiri wako kuhusu ruhusa ya masomo na mkataba wa kurudi kazini: ni miaka mingapi, na ukihamia chuo kabla haijaisha inakuwaje. Ukiona kifungu hukielewi, mpe mwanasheria akisome, gharama yake ni ndogo kuliko ya kuuvunja mkataba. Kama ni nje, nenda Baraza la Madaktari Tanganyika uulize kama cheti hicho kitakusajili kuwa bobezi ukirudi, na Tume ya Vyuo Vikuu kama tuzo yenyewe inatambulika. Uliza kabla ya kupanda ndege. Na mwone mkuu wa idara ya chuo unachokitaka, umwambie wazi kwamba unataka kufundisha, umuulize idara yake ina upungufu wa nani. Wakuu wa idara tunapenda kuulizwa hivyo kuliko mnavyodhani.

Umri? Una 34. Ukianza figo mwaka huu utamaliza na 36. Ongeza PhD ya miaka minne baadaye kidogo, hujafika 45. Hata tukihesabu kustaafu kwa miaka 60 tu, una zaidi ya miaka ishirini ya wanafunzi. Mtoto wako mdogo atakuwa na miaka minne siku ya mahafali, anaweza kubeba maua.

Kuanzia wiki hii waandikie hao wa nje yale maswali, upange Alhamisi yako ya kwenda kukaa kitengo cha figo. Majibu yakirudi niandikie tena, na kitu cha kwanza nitakachotaka kujua ni wanafunzi wangapi uliwakuta pale saa nane mchana, na nani alikuwa anawajibu.